Tunafunza methali ya mfinyanzi, lakini mfinyanzi yuko wapi?

Jioni moja hivi karibuni niliitwa kwa jirani yangu hapa Mtopanga, huku Kisauni, nimsaidie mjukuu wake kazi ya Kiswahili aliyopewa shuleni. Jirani huyo ni mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Bi Mwalimu. Mjukuu, baada ya kuniamkia, alinikabidhi daftari lake. Alitakiwa kuandika insha juu ya methali isemayo, "Mfinyanzi hulia gaeni."

Maana ya methali alikuwa ameieleza barabara. Alisema kwamba kuna mtu atengenezaye kitu kizuri, wakakifaidi wengine, naye akabaki na kilicho duni. Mifano pia alikuwa nayo: mshonaji avaaye matambara, na mwashi asiye na nyumba yake mwenyewe. Mtahini yeyote angempa alama nzuri. Lakini nilipomuuliza gae ni kitu gani, alisita. Kisha akasema, "Nadhani ni aina ya sahani, mwalimu." Nikamuuliza kama amewahi kumwona mfinyanzi akiwa kazini. Akacheka, kana kwamba nimemuuliza kama amewahi kukutana na zimwi.

Mezani, kando ya daftari lile, palikuwa na jagi la maua la udongo, lililofinyangwa kwa mkono. Halikuwa na ua hata moja. Ndani yake mlikuwa na kalamu mbili na shada la funguo. Bi Mwalimu aliniambia kwamba alipewa miaka mingi iliyopita na kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha katika shule moja na yeye. Vijana wa namna hiyo wamekuwa wakija nchini Kenya tangu 1966, na wengi wao huacha zawadi ndogondogo waondokapo. Nilipolinyanyua jagi lile niligundua kwamba upande mmoja ulikuwa umeelekezwa ukutani. Upande uliotazama watu ulikuwa laini, wa rangi ya majivu. Ule uliofichwa ulikuwa na vinundu na nyufa, kana kwamba utando wa kioo uliopakwa juu ya udongo umejikunyata ukaganda katika matone.

"Upande huo uliungua, mwanangu," Bi Mwalimu akanieleza kwa sauti ya kuomba radhi. "Nadhani kijana wa watu hakuwa na pesa za kununua zima."

Msomaji mpendwa, kauli hiyo ya Bi Mwalimu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mimi si mtaalamu wa vyombo. Kazi yangu ni isimu, na kilichonivuta katika jagi lile ni majina. Upande ule haukuungua. Yamkini ndio upande ambao mfinyanzi aliukusudia uwe uso wa chombo chake. Wajapani wanayo majina ya kuuita. Wakiona utando uliojikunyata na kuacha matone namna ile husema kairagi, neno ambalo asili yake ni ngozi yenye vinundu ya samaki wa jamii ya taa, iliyotumika kupamba panga zao. Wakiona vishimo vidogo kama vya ganda la tunda la jamii ya chungwa, husema yuzuhada, yaani ngozi ya yuzu. Mandhari yote ya moto, majivu na utando juu ya chombo huitwa keshiki, neno lile lile litumikalo kwa mandhari ya milima na bahari. Aidha, huzungumzia tsuchi-aji, yaani ladha ya udongo wenyewe.

Jambo lenyewe halina muujiza. Utando ule hutokana na majivu, mawe yaliyosagwa na udongo, vikikorogwa na maji na kupakwa juu ya chombo. Unapokauka husinyaa na kupasuka. Ukiingizwa katika joko lenye joto la nyuzi 1200 au zaidi za Selisiasi huyeyuka, na ikiwa ni mzito hautandai tena kuziba zile nyufa, bali hujivuta na kuganda katika matone. Mfinyanzi wa kiwandani huona hiyo ni hasara na kukitupa chombo. Mfinyanzi wa Kijapani aliyerithi jina kairagi huliona jambo lile lile akalitafuta kwa makusudi. Moto ni ule ule na udongo ni ule ule. Tofauti imo katika neno.

Hapa ndipo ninapothubutu kutoa hoja yangu. Mtu asiye na jina la kitu huelekea kukiona kitu hicho kuwa kasoro, na hatimaye hukigeuzia ukutani. Bi Mwalimu hana lawama kwa jagi la Wajapani, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha msamiati wao. Lawama ni yetu sisi tunaofundisha Kiswahili, maana tumewaruhusu watoto wetu wavigeuzie ukutani vyombo vyao wenyewe, ilhali lugha yao ina majina ya vyombo hivyo tele.

Nitatoa mfano uliotokea jioni ile ile. Bi Mwalimu aliposikia tunazungumza habari za vyombo vya udongo, aliinuka akaenda jikoni, akarudi na chombo cheusi kipana chenye ufa pembeni. "Huu ni waya wa marehemu mama yangu," alisema. Mjukuu alishangaa. Kwake yeye waya ni kitu cha umeme. Hakujua kwamba waya ni pia chombo cha udongo cha kuokea mikate juu ya moto, na kwamba neno hilo limo katika kamusi za zamani za Kiswahili. Bibi na mjukuu wanaishi nyumba moja, na chombo kilikuwa jikoni siku zote, lakini jina lake halikuwa limevuka kizingiti cha jikoni kufika kwenye daftari.

Waya hauko peke yake. Tunavyo chungu, nyungu na jungu. Tunao mtungi wa maji, kuzi lenye mkono, gudulia la kupozea maji, na balasi na kasiki za kuhifadhia. Tuna bungu na mkungu wa kulia, kibia cha kufunikia, kikaango cha udongo, na chetezo cha kufukizia udi na ubani. Tuna joko la kuchomea na gae linalobaki chombo kinapovunjika. Nimeyataja majina zaidi ya kumi bila kufungua kamusi, na kila moja lina kazi yake. Nawaomba walimu wenzangu wafanye jaribio dogo: wayaandike maneno haya ubaoni na kuwataka wanafunzi wayachore yale wanayoyajua. Nadhani chungu na mtungi vitachorwa. Mengine tutaona.

Wala si majina ya vyombo tu yaliyo hatarini. Ufinyanzi umo ndani kabisa ya sarufi na historia ya lugha yetu. Hebu tazama nyungu, chungu na jungu. Mzizi ni mmoja, nazo ngeli zimebadilika, na kwa kubadilika huko ukubwa na udogo wa chombo umeelezwa bila kuongeza neno la ziada. Mwalimu akitafuta mfano wa kuonyesha kazi ya ngeli, angepata wapi ulio bora kuliko huu ulioko mekoni?

Tazama pia kitenzi umba. Leo tunakitumia kwa mambo makuu: Mungu ndiye Muumba, nasi ni viumbe. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wanatueleza kwamba kitenzi hiki katika umbo lake la kale kilikuwa bumba, na maana yake ilikuwa kufinyanga udongo. Katika Kiswahili sauti ya mwanzo imedondoka, kama ilivyodondoka katika ona, ambalo Wazulu hulitamka bona. Waganda wamehifadhi umbo na maana: kwao kubumba ni kufinyanga chungu. Wakikuyu nao humwita mama wa asili ya jamii yao Mumbi, yaani yule aumbaye, na asili ya neno ni kazi ya udongo. Hivyo basi, Mswahili anapomtaja Muumba katika sala, anatumia neno lililozaliwa mikononi mwa mwanamke aliyekaa chini akifinyanga chungu. Neno limepanda mbinguni, nasi tumemsahau mwenye mikono.

Huenda msomaji akauliza: Je, Kiswahili kina jina gani la ule utando wa kioo unaopakwa juu ya jagi la Kijapani? Jibu langu ni kwamba sijasikia neno moja lililokubalika na wengi. Wengine husema rangi, na wengine hueleza kwa maneno matatu manne. Wapo watakaoona hii ni dalili ya upungufu wetu. Sikubaliani nao. Wafinyanzi wetu hawakupaka utando huo kwa sababu hawakuuhitaji. Mtungi wa udongo huchomwa kwa moto usiofikia ukali wa joko la Kijapani, hivyo hubaki na vinyweleo. Maji hupenya polepole katika vinyweleo hivyo, yakafika nje, yakageuka mvuke na kuondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi hata Mombasa inapochemka mwezi wa Februari. Ukiupaka mtungi utando wa kioo umeunyima pumzi. Chungu nacho, kwa kuwa udongo wake umechanganywa na mchanga au gae lililosagwa, hustahimili kuwekwa juu ya mafiga na kuondolewa bila kupasuka. Badala ya kioo, mfinyanzi wetu huusugua udongo kwa kijiwe hadi ung'ae, na kuuchora nakshi kwa kijiti au ganda la chaza kabla haujakauka.

Kama tutahitaji neno la utando ule, tunaweza kujifunza kutoka kwa Wajapani wenyewe. Jina lao la kienyeji ni uwagusuri, na tafsiri yake ni dawa ya juu. Nasi tumezoea kuita dawa kile tunachopaka viatu ili ving'ae. Fikra ni ile ile. Mwanafunzi akisema "dawa ya kauri" nitamwelewa, na sitamkata alama.

Neno kauri nalo lina kisa. Kwetu kauri ni yule konokono wa baharini mwenye ganda la kung'aa, na ni pia udongo mweupe laini wa vikombe na sahani. Waitaliano nao walimwita konokono huyo porcellana, kisha wakakipa jina hilo hilo chombo kilichotoka China, na lugha nyingi za Ulaya zikalichukua kutoka kwao. Mswahili na Mwitaliano waliutazama mng'ao mmoja wakafikia ulinganisho mmoja. Hata sinia letu, ambalo juu yake tunapakua pilau ya harusi, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha China. Ni nani asemaye kwamba somo la msamiati halina utamu?

Nataja China kwa sababu nyingine pia. Mtu akitoka Mtopanga akashika barabara iendayo Malindi atafika Gedi, na akiendelea mbele ya Malindi atafika Mambrui, penye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948, na vyombo vya kauri kutoka ng'ambo vilimsaidia sana kukadiria umri wa majengo. Hapana shaka kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Lakini ilizaa pia mazoea mabaya: watu walivitazama vya kigeni wakavipita vya udongo wetu, na kutokana na mazoea hayo ilikuwa rahisi kuamini kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni waliokuja na sahani zao.

Baadaye picha ilibadilika. Mark Horton alichimba Shanga katika kisiwa cha Pate katika miaka ya 1980, akashuka hadi matabaka ya karne ya 8. Huko chini alikuta vigae vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, vyenye nakshi za mistari na pembetatu zilizochorwa udongo ukiwa mbichi. Vigae vya aina hiyo vimepatikana kote katika mwambao huu na hata bara. Vya kigeni vilikuwa sehemu ndogo tu. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walichapisha kitabu kilichoweka ushahidi wa lugha na ushahidi wa vyungu bega kwa bega, na vyote viwili vilielekeza mahali pamoja: Waswahili ni watu wa hapa, na lugha yao ni ya Kibantu. Wenye kututetea mbele ya historia walikuwa wafinyanzi wasiojulikana majina. Kauri ya Kichina ilisema nani alikuja kufanya biashara. Chungu kilisema nani alikuwa mwenyeji.

Kwa hiyo anayedai kwamba vyungu ni mambo ya jikoni yasiyostahili darasa hajui ni kwa hati gani amemiliki jina lake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba lugha hubadilika, kwamba ndoo ya plastiki haivunjiki, na kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa neno balasi. Hoja hii ina uzito, nami sitaki mtu yeyote arudi kuchota maji kwa mtungi kisimani ili kunifurahisha mimi. Watasema pia kwamba Japani ni nchi tajiri, inayoweza kumudu anasa ya kusifu vyombo vyenye nyufa. Hapo ndipo ninapowaomba wasimame kidogo.

Wajapani hawakuwa na mapenzi haya siku zote, wala historia yao ya udongo si safi. Walipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, waliwachukua wafinyanzi wa Kikorea wakawapeleka kwao, na joko kadhaa mashuhuri za Japani zilianzishwa na watu hao. Bakuli liitwalo Kizaemon, linalosifiwa kwa kairagi yake, lilifinyangwa Korea katika karne ya 16. Leo ni hazina ya taifa ya Japani na limewekwa katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto. Waliolifinyanga hawajulikani. Nao walikula gaeni.

Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, bidhaa za viwandani ziliwafurika Wajapani kama zinavyotufurika sisi, na vyombo vya mikono vikaanza kudharauliwa vijijini. Waliofanya nini? Mwaka 1925 mwanafikra Yanagi Soetsu, pamoja na wafinyanzi Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, walibuni neno. Neno lenyewe ni mingei, yaani sanaa za watu wa kawaida. Jumba la makumbusho la sanaa hizo lilifunguliwa mjini Tokyo mwaka 1936. Sheria ya kulinda urithi wa taifa ilipitishwa mwaka 1950, wakati nchi ilikuwa bado maskini kutokana na vita. Mwaka 1955 Hamada alitambuliwa rasmi kuwa miongoni mwa wale ambao Wajapani huwaita hazina hai za taifa. Mwenye kusoma tarehe hizo ataona kwamba neno lilitangulia jumba kwa miaka 11, na likaitangulia sheria kwa miaka 25. Neno halikungoja utajiri.

Na maua je? Kuna atakayesema kwamba jagi la maua ni jambo la Wajapani na Wazungu, nasi hatuna utamaduni wa maua. Huo ni upofu mwingine wa kukosa majina. Mwambao huu una asumini, kilua na mkadi. Sisi hatukuyasimamisha maua mezani. Tuliyatunga koja, tukayafunga kikuba, tukayavaa na kuyatandaza kitandani. Ua letu lilikaa mwilini, la Mjapani likakaa chomboni. Mwanafunzi anayejua kikuba ni nini atalielewa jagi la Kijapani upesi zaidi kuliko asiyejua, kwa sababu ana kitu cha kulinganisha nacho.

Sasa nirudi kwa walimu na wanafunzi, ambao ndio ninaowaandikia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, unataka mtoto afanye mambo kwa mikono yake, na ufinyanzi umo miongoni mwa kazi za sanaa. Ni jambo la kupongezwa. Lakini wazazi wengi tumeshuhudia yanayotokea. Mtoto anaambiwa alete chungu kesho asubuhi. Mzazi anakimbia sokoni usiku kununua kilicho tayari. Chungu kinapigwa picha, kinapewa alama, na mwisho wa muhula kinatupwa. Mtoto hajagusa udongo, na hajajifunza neno hata moja. Wakati huo huo, chumba cha pili, mwalimu wa Kiswahili anafunza "Mfinyanzi hulia gaeni" kwa kuandika maana yake ubaoni. Walimu hawa wawili wanakunywa chai katika chumba kimoja, lakini masomo yao hayajawahi kuamkiana.

Ninapendekeza mambo manne, na hakuna linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, walimu wa Kiswahili na wa sanaa wafundishe ufinyanzi pamoja, japo kwa wiki moja katika mwaka. Mtoto afinyange kwa mkono wake huku akijifunza finya, finyanga, mfinyanzi na ufinyanzi. Atakapoona kwamba jenga huzaa mjenzi na finyanga huzaa mfinyanzi, kanuni ya sauti haitamtoka tena, maana ameigusa.

Pili, aalikwe mfinyanzi darasani, au wanafunzi wapelekwe kwake. Katika pwani yetu bado wako akina mama wafanyao kazi hii, na masoko yetu bado yanauza vyungu na vyetezo, maana hakuna plastiki inayofukiza udi. Akifika, asiulizwe kwanza Kiingereza cha kila kitu. Aulizwe yeye anaitaje kila hatua: udongo ukiwa mbichi, ukiwa umeanza kukakamaa, ukiwa umekauka, chombo kilichopasuka motoni, na kile kilichotoka na weusi upande mmoja. Nina hakika tutapata maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, iwe ni ya Kiswahili au ya lugha jirani kama Kidigo na Kigiriama. Wanafunzi wayaandike pamoja na jina la aliyeyasema.

Tatu, shule zinapozuru jumba la makumbusho la Fort Jesus, walimu wasiishie kwenye sahani za Kichina. Watoto wasimame pia mbele ya udongo wa kwetu, wachore nakshi zake, na waulize kwa nini mfinyanzi aliichora pembetatu pale shingoni na si kwingine.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, mfinyanzi alipwe. Tusimwalike mama wa watu kutoka kijijini, tukapiga picha naye, tukamrudisha na nauli ya matatu na shukrani. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeieleza methali kwa vitendo. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu, huvisugua na kuvichoma bila kuvipaka dawa ya kioo, kama wafanyavyo akina mama wa Kiafrika ambao alikwenda kujifunza kwao nchini Nigeria mwaka 1974. Leo vyombo vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ikiwemo British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya juu. Mbinu aliyotukuzwa kwayo ni ndugu wa ile ambayo mwenzake wa kijijini anaitumia na kulala njaa. Hatuwezi kusema kwamba kazi hii haina thamani. Tuseme ukweli, kwamba thamani yake tumengoja tutajiwe na wengine.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Msiogope kuuliza jina la kitu kilichoko jikoni kwenu. Mtu anayewaambia kwamba Kiswahili bora kimo vitabuni pekee amewapa nusu ya mali. Nusu ya pili imeshikwa na bibi zenu, na bibi hawapigwi chapa ya pili.

Kabla sijaondoka jioni ile, nilimweleza Bi Mwalimu habari za kairagi, kwamba ni ngozi ya taa. Alilitazama jagi lake kwa muda, akapitisha kidole juu ya vile vinundu. "Taa namjua," alisema. "Chuoni tukichapwa kwa mkia wake." Kisha akaligeuza, upande wenye vinundu ukatazama watu, akaziondoa kalamu na funguo.

Mjukuu alikuwa amekwisha kulifungua daftari upya. Aliuvuta ule waya wenye ufa karibu na taa ya mezani, akamuuliza bibi yake, "Na huu ukivunjika kabisa, vipande vyake ndivyo gae?" Bibi akamjibu kwamba ndivyo. Msichana akaifuta aya yake ya kwanza, akaanza kuandika.